Rejista ya Ukoo: Kupiga Picha za Harusi Baada ya Kustaafu Ualimu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya walimu wanaokaribia kustaafu, Tanga)

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wakubwa zangu mliomo humu ndani shikamooni, na wadogo zangu mlioniamkia mlangoni, marahaba. Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ninayoifanya tangu nilipoweka chaki chini, na nimeelezwa kwamba kabla yangu mmekwisha kusikia habari za ufugaji wa kuku, za bustani za mboga na za hati fungani za serikali. Mimi nimekuja na kamera. Nilifundisha fizikia kwa miaka 34, nikastaafu kwa lazima mwaka 2019 nilipotimiza miaka 60, na tangu hapo, karibu kila Jumamosi isiyoangukia ndani ya Ramadhani, ninapiga picha za harusi hapa Tanga mjini, Muheza, Pangani, Korogwe na mara chache Lushoto.

Naomba nianze na harusi ambayo picha zake hazipo. Niliolewa mwaka 1984, katika miaka ile ya uhaba ambapo hata sabuni ilikuwa ya kupangia foleni, na mkanda wa filamu ulikuwa kitu cha kuagizia kwa jamaa wanaosafiri. Baba yangu alihangaika mpaka akapata mikanda miwili ya picha 36 kila mmoja, akamtafuta mpiga picha, akamlipa. Baada ya wiki mbili tukaambiwa maneno ambayo watu wa rika langu wanayafahamu vizuri mno: picha zimeungua. Kama mwanga uliingia ndani ya kamera, au mkanda uliharibika wakati wa kusafishwa, hatukuambiwa. Picha 72 zilipotea, ikabaki moja tu ambayo jirani yetu aliipiga kwa kamera yake mwenyewe akiwa amesimama uani. Nilipokuwa kijana nilisikitika kwa sababu sikuwa na namna ya kuwaonyesha wanangu gauni langu. Siku hizi gauni nimekwisha kulisahau, lakini kila tunapokutana ndugu, tunabishana nani alikuja na nani hakuja. Dada yangu anashikilia kwamba baba mdogo alishuka kutoka Lushoto na mzigo wa matunda kichwani. Kaka yangu anasema mwaka ule baba mdogo alikuwa amelazwa. Na mama, ambaye neno lake lingemaliza ubishi, ametangulia mbele ya haki.

Ninaisimulia habari hiyo kwa sababu ndiyo iliyonifundisha picha ya harusi ni kitu gani. Watu wengi hudhani kwamba ni picha ya bibi harusi na bwana harusi, na kwa hiyo kazi ya mpiga picha ni kuwafanya wawili hao wapendeze. Hilo ni sehemu ya kazi, tena sehemu ninayoipenda. Lakini harusi ni mojawapo ya siku chache sana ambazo pande mbili za ukoo hukaa mahali pamoja, wakubwa kwa wadogo, wakiwa wamevaa vizuri na nyuso zimekunjuka. Msibani nako hukutana, ila msibani hakuna anayewapanga watu mistari wakapigwa picha. Ninyi nyote mmeshika rejista ya darasa kwa miongo mingi. Mnajua kwamba jina lisilotiwa alama ya kuwapo, hata kama mtoto alikuwa ameketi dawati la mbele, kwenye karatasi huhesabiwa hakuwapo. Picha za harusi ndiyo rejista ya ukoo, na ninaamini kwa dhati kwamba watu wa umri wetu wanaweza kuishika vizuri kuliko wanavyodhaniwa.

Upigaji picha si jambo geni katika pwani hii. Karne ya 19 haijaisha, familia ya Gomes, Wagoa waliotoka India, ilikuwa na studio Unguja; mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, Mji Mkongwe; na Mombasa walikuwako akina Parekh. Nyakati hizo maharusi ndio waliokwenda studio, mara nyingi siku kadhaa baada ya ndoa, wakasimama wima mbele ya pazia, wakashika pumzi. Harusi iliifuata kamera. Siku hizi kamera ndiyo inayoifuata harusi, kuanzia chumba cha kupambia hadi kwenye msafara wa matarumbeta, na ndiyo maana ufundi wenyewe umekuwa mgumu zaidi, kwa kuwa mpiga picha hachagui tena mahali, saa wala mwanga.

Nilianza kujifunza mwaka 2017, miaka miwili kabla ya kustaafu, na hili ninawasisitizia ninyi mliobakiwa na muda kama huo: msisubiri barua. Nilikwenda Ngamiani kwa kijana niliyemfundisha zamani, mwenye studio ndogo ya picha za paspoti na harusi, nikamwomba anichukue kama mwanagenzi. Miezi ya kwanza ilikuwa migumu kwake kuliko kwangu. Alikuwa ananiamkia "Shikamoo Mwalimu", ananiwekea kiti, na nikikosea ananyamaza. Mwanafunzi asiyesahihishwa hajifunzi kitu, na mimi nilikuwa nimelipoteza hilo katika umri wangu wote wa kusahihisha wengine. Siku moja nilimkalisha nikamwambia, "Baba, humu ndani mwalimu ni wewe, ukiniona nimekosea useme hapo hapo, hata mbele ya wateja." Tangu siku hiyo akaanza kunifundisha kweli. Kwa miezi sita nilibeba stendi ya taa, nilichaji betri, nilihesabu memori kadi kabla na baada ya shughuli, na nilijifunza kusimama mahali ambapo sitamkinga mtu.

Sasa niseme juu ya mwanga, na mtaniwia radhi nikikaa hapo kidogo, maana ndiko fizikia yangu ilikoamka.

Kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera kimewekewa dhana moja ya kale: kwamba kilicho mbele yake, kwa wastani, hurudisha takribani asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia, yaani rangi ya kijivu cha kati. Mweke mbele yake bibi harusi aliyevaa gauni jeupe na shela jeupe, nayo kamera itaona weupe umezidi, itapunguza mwanga, na matokeo yake gauni litakuwa la kijivu na uso wa binti utazama gizani. Mweke bwana harusi mwenye suti nyeusi, itafanya kinyume: itaongeza mwanga mpaka paji la uso ling'ae kama limepakwa mafuta. Kamera za leo zina akili zaidi, lakini tabia hiyo haijawatoka kabisa. Gauni jeupe lilienea duniani baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kulivaa katika harusi yake mwaka 1840, na filamu zenyewe zilitengenezwa kwa ajili ya ngozi nyeupe: maabara za kusafishia picha zilikuwa zikipima rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke Mzungu, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha usahihi kwa dunia nzima. Wale wenzangu wanaokumbuka picha za shule za miaka ya 1970, ambazo wanafunzi huonekana meno na macho tu, wasidhani kwamba ulikuwa uzembe wa mpiga picha peke yake.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililofundishwa, na la kwanza ninalomfundisha binti yeyote anayekuja kwangu, ni kupima mwanga wa uso na kuliacha gauni lifuate. Uso wa kahawia iliyokoza una rangi nyingi ndani yake, kuna wekundu wa udongo, kuna dhahabu, kuna samawati ya jioni kwenye kivuli cha shavu, na rangi hizo hujitokeza pale tu mwanga unapokuja kwa pembeni na kwa upole. Baraza ya nyumba ya Kiswahili ni studio iliyojengwa tayari: jua limezuiwa na paa, mwanga unaingia kutoka uwanjani, ukuta wa chokaa unaurudisha upande wa pili wa uso. Nikimkalisha bibi harusi hapo, hatua mbili ndani ya kivuli, sihitaji taa yoyote. Halafu kuna jambo ambalo sitalifanya hata nikilipwa mara tatu: sing'arishi ngozi ya mtu kwenye kompyuta. Wapo wanaoniomba. Ninawaeleza kwa utaratibu kwamba miaka 40 ijayo mjukuu wao atataka kujua bibi yake alifananaje, nami sitaki awe na picha ya mtu mwingine.

Ukumbini usiku mambo ni tofauti. Hapo hutumika taa ya flashi, na hapo kanuni niliyoiandika ubaoni kila mwaka huja kunidai: nguvu ya mwanga hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali. Ukiiweka taa mita 1 kutoka kwa bibi harusi, na bwana harusi akawa mita 2 kutoka kwenye taa hiyo hiyo, yeye atapata robo tu ya mwanga anaoupata mkewe. Mmoja ataungua na mwingine atafifia. Irudishe taa nyuma, iwe mita 4 kwa mmoja na mita 5 kwa mwingine, na yule wa mbali atapata asilimia 64. Hesabu hiyo ndogo inaokoa picha ya familia ya watu thelathini. Tatizo la pili ni taa za mapambo, zile za zambarau na buluu ambazo wapambaji wa kumbi wanazipenda siku hizi. Nyingi huwaka na kufifia kwa kufuata umeme wa mkondo geu, ambao hapa kwetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na mwanga wake hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini shata ya kamera, kile kifuniko kinachofunguka kuingiza mwanga, ikifunguka kwa 1/500 ya sekunde inakamata kipande tu cha mzunguko, na picha inatoka na michirizi myeusi. Ukishusha kasi hadi 1/100 michirizi hupungua au hutoweka. Mwanagenzi mwenzangu alikwisha kubadilisha kamera mbili akidhani ni mbovu.

Na jua letu lina haraka. Hapa Tanga tuko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta; mchana wa mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua huwa wima juu ya utosi na kuwachimbia watu mashimo meusi machoni, halafu jioni linapozama giza halichelewi. Kamati ya harusi ikinieleza kwamba picha za Bustani ya Jamhuri zitapigwa saa 12 jioni, ninaomba iwe saa 11, kwa sababu najua saluni itachelewa, msafara utachelewa, na bahari haitatusubiri. Unyevu wa pwani nao ni adui. Lenzi ikikaa kwenye begi lililofungwa huota kuvu kwenye vioo vya ndani, na kuitoa ni gharama. Mimi ninahifadhi vyombo kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika jeli vinavyonyonya unyevu, ninavyovikausha mara kwa mara. Ukishuka kwenye gari lenye kiyoyozi ukaingia kwenye joto la uani, kioo cha lenzi hupata ukungu papo hapo, nawe huwezi kupiga chochote kwa dakika kadhaa, na dakika hizo ndizo bibi harusi anazotolewa nje.

Niliwahi kupoteza tukio kwa kosa langu mwenyewe, na ninalieleza ili nanyi mlijue. Katika nikaha, binti huulizwa idhini yake akiwa ndani na wanawake, na jibu lake ni neno moja au kutikisa kichwa. Nilikuwa nimepiga hina ya mikono yake kwa mapenzi mengi, picha nyingi kuliko zilizohitajika, na walii, yaani msimamizi wake wa ndoa, alipoingia na mashahidi kuuliza, memori kadi ilikuwa imejaa. Nilipomaliza kubadilisha, lilikuwa limekwisha kusemwa. Hakuna mtu anayeweza kumwambia walii aulize tena, wala huko kanisani hakuna anayeweza kumwomba mchungaji arudie kiapo. Tangu siku hiyo ninabadilisha kadi kabla ya kila tendo kubwa, iwe imejaa au haijajaa, na ninatumia kamera inayoandika picha kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja.

Sasa ninakuja kwenye jambo linalowahusu zaidi akina mama mliomo humu. Katika harusi nyingi za pwani kuna sehemu ambayo mwanamume haingii. Kusingwa kwa bi harusi, yaani kusuguliwa mwili kwa manukato, hina na piko, mafunzo ya somo, yule mwanamke anayemfunda, ngoma za wanawake, na ile siku ya kupamba ambapo wanawake huvua mabuibui wakakaa na nywele zao na dhahabu zao, hayo yote ni mambo ya sitara. Mombasa na Lamu ni kawaida siku hizi kukusanya simu mlangoni, na hapa kwetu pia baadhi ya familia zimeanza kufanya hivyo, kwa sababu wameona picha za binti zao zikizunguka mtandaoni bila ridhaa. Familia hizo hazichukii picha. Zinatafuta mtu wa kumwamini, nao hawampati kwa urahisi, maana wapiga picha wengi mjini ni vijana wa kiume.

Mtu huyo anaweza kuwa mwalimu mstaafu. Lakini amana hii ina masharti yake, na msiichukue kama hamko tayari kuyatimiza. Picha za ndani ninazipiga mwenyewe na msaidizi wangu ni msichana. Kadi zake zina rangi yake maalumu, hazichanganywi na za ukumbini. Ninazisafisha kwenye kompyuta isiyounganishwa na intaneti, ninazichapisha nyumbani kwa printa yangu ili pasiwe na mtu wa dukani atakayeziona, na albamu ninaiweka mkononi mwa mama wa bi harusi, uso kwa uso. Nakala yangu ninaifuta siku waliyoitaka wao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imetuongezea wajibu sote tunaokusanya sura za watu, lakini hata kabla ya sheria hiyo, mwanamke aliyenifungulia mlango wa chumba chake alikuwa amenipa dhamana nzito kuliko karatasi.

Turudi kwenye rejista. Harusi ya tatu niliyopewa peke yangu ilikuwa Muheza. Mshereheshaji aliita familia ya bibi harusi ipande jukwaani, wakapanda waliokuwa karibu, nikawapanga, nikapiga. Picha zilikuwa nzuri. Nilizikabidhi 340 katika albamu na diski. Mama mkubwa wa binti, dada wa mama yake, ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka minne. Wakati tunapiga picha alikuwa nyuma ya ukumbi anasimamia pilau, na hakuna aliyemwita, wala mimi sikujua kama yupo. Albamu ilipofika aliifungua jani baada ya jani mpaka mwisho, akaifunga, akaniambia, "Ahsante mwanangu, kazi nzuri." Baada ya siku mbili mama wa binti alinipigia simu kunieleza kwamba dada yake hajala vizuri tangu siku ile. Nilirudi Muheza na kamera, binti akaja, akavaa tena shela lake, nikawapiga wawili hao barazani. Mama mkubwa alifurahi, nami nilifurahi kwa ajili yake, lakini sisi walimu tunajua rejista iliyojazwa baadaye ni kitu gani.

Kuanzia hapo nimejiwekea utaratibu. Siku ya Alhamisi kabla ya harusi ninakwenda nyumbani, bila kamera, na daftari nililolichora safu kama rejista ya darasa. Ninaomba kukaa na shangazi, au somo, au yeyote ambaye ukoo unamtambua kuwa ndiye ajuaye. Ninauliza nani amemlea binti. Nani anapokea mkaja, ile ada ya upande wa mama, na kilemba, ada ya upande wa baba, kinakwenda kwa nani. Nani amesafiri kutoka mbali, maana kuna anayetoka Muscat na kuna anayetoka Kilindi kwa basi la alfajiri, na wa Kilindi ndiye anayesahaulika. Nani atakuwa jikoni. Nani haoni vizuri au hawezi kupanda ngazi za jukwaa, ili picha imfuate yeye mahali alipoketi. Na kwa sauti ya chini ninauliza nani hasemi na nani, kwa sababu watu waliogombana juu ya shamba hawawezi kupatanishwa na mpiga picha. Nikiwajua mapema, ninawapiga kila mmoja na maharusi kwa wakati wake, na wote wawili wanaingia kwenye kumbukumbu bila mtu kuaibika. Siku ya harusi msaidizi wangu anatembea na daftari, anatia alama. Ifikapo saa 3 usiku, kabla ya keki, tunakagua nani bado hajatiwa alama, tunakwenda kumtafuta.

Kijana wa miaka 22 mwenye jicho kali kuliko langu, na wapo wengi, hawezi kuuliza maswali haya. Akili anayo. Shangazi hatamjibu. Ataona kijana anachungulia mambo ya watu wazima. Mimi nikiuliza, anajivuta kwenye mkeka, anaagiza chai, ananihadithia ukoo mzima mpaka mababu waliotoka Usambaa. Hiyo ndiyo mtaji wetu, ndugu zangu, na hainunuliwi dukani. Walimu tumewafundisha watoto wa watu hawa, tunajua nani ni nduguye nani, tunajua kusubiri, tunajua kuita watu arobaini wenye kelele wakasimama mistari mitatu bila kuwatukana.

Juu ya fedha nitasema machache. Msikigusie kiinua mgongo. Nilianza na kamera iliyokwisha tumika, lenzi moja ya milimita 35, flashi moja, betri tatu na kadi nne, na vyote nilivinunua kidogo kidogo nikiwa bado na mshahara. Lenzi ya pili, ya milimita 85, niliinunua kwa fedha za harusi zenyewe. Sajilini jina la biashara, chukueni namba ya mlipakodi na leseni ya halmashauri, andikeni mkataba hata kwa mtoto wa jirani. Mkataba useme saa za kazi, idadi ya picha, siku ya kukabidhi, na nani ana ruhusa ya kuziweka hadharani. Malipo yote yawe yamekamilika kabla ya siku ya harusi, kwa sababu kamati ikishavunjwa hakuna mtu wa kumdai, kila mmoja atakuonyesha mwenzake. Na msitegemee mapato yaliyo sawa kila mwezi: Ramadhani hakuna harusi za Waislamu, Kwaresima wakristo wengi husubiri, masika barabara za vijijini hukatika, halafu Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, na Desemba zinakuja harusi tatu kwa siku moja. Mimi ninachukua moja kwa wiki. Kamera na lenzi hufika kilo 2 shingoni, shughuli huanza saa 2 asubuhi na kwisha saa 6 usiku, na magoti yangu yana neno lao. Mwenye miwani asiogope. Kando ya tundu la kuchungulia kuna kigurudumu kidogo cha kurekebisha kulingana na jicho lako, na wengi hawajui kama kipo. Usiku huo huo, kabla ya kulala, ninanakili picha zote kwenye diski mbili, na moja asubuhi inakwenda kulala nyumbani kwa binti yangu Chumbageni. Mtu aliyepoteza picha 72 haachi jambo hilo hadi kesho.

Kazi ya mwisho ndiyo wengi wanaiacha. Nikishakabidhi picha, ninarudi kwa shangazi na daftari langu, tunaandika majina. Kwenye faili za kompyuta ninaandika ndani ya maelezo ya picha. Kwenye picha zilizochapishwa ninaandika nyuma, ukingoni, bila kukandamiza. Mwenye picha za kale za karatasi ya kawaida atumie penseli laini, kwa kuwa wino wa kalamu hupenya ukatokea mbele. Karatasi za kisasa zenye utando wa plastiki hazishiki penseli, zinataka kalamu maalumu ya kuandikia picha inayokauka haraka. Ninaandika jina, ninaandika na uhusiano: mama mkubwa, baba mdogo, jirani wa ukuta mmoja.

Ile picha moja ya harusi yangu ya mwaka 1984 nimekuja nayo. Iko mezani karibu na mlango, ndani ya bahasha ya wazi. Ina watu kumi wamesimama uani chini ya mwembe. Nyuma yake nimekwisha kuandika majina tisa. Wa kumi ni mwanamume mrefu aliyevaa kanzu na koti, amempakata mtoto ambaye uso wake umegeukia begani, na hakuna kati ya ndugu zangu anayemfahamu. Mwanga ulimpiga upande, uso nusu uko kivulini. Wakubwa zangu mliokulia Tanga na Muheza, mkitoka kwenda kunywa chai, naomba mpite mumtazame.